Faili Haishuki: Kutafuta Mkwamo wa Intaneti Katika Nyumba za Lamu

"Mwanangu, ndoo uone, intaneti haiyi."

Aliyenipigia kuniambia nije nione, intaneti haiji, ni bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Mjukuu wake alikuwa akisoma chuo akiwa nyumbani, na video ya somo moja ilikuwa ikichukua asubuhi nzima kushuka. Bibi alikuwa ameshapandisha kifurushi mara mbili. Kila akilalamika kwa watoa huduma, anaambiwa achukue kikubwa zaidi, naye analipa.

Nilipofika niliunganisha laptopu yangu kwenye ruta kwa waya, nikapima. Kasi yote aliyoilipia ilikuwepo, kamili. Nikaangalia ruta yenyewe ilipokaa: ndani ya kidaka cha chumba cha ndani, kati ya sahani mbili za kaure, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Matumbawe nyuma yake, matumbawe juu, chini na mbavuni. Uwazi ulikuwa mmoja tu, na huo umeelekea kitandani. Mjukuu alikuwa akisomea ghorofa ya juu, upande wa pili wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba.

Hadi leo naumia nikikumbuka zile pesa za vifurushi viwili. Ndiyo maana naandika haya. Intaneti ikiwa nzito, mkwamo uko mahali pamoja kati ya matatu: ndani ya nyumba yako, kati ya nyumba na mtoa huduma, au mbele huko baharini na nchi za nje. Usitoe shilingi moja zaidi kabla hujajua ni mahali papi.

Kwanza tujue kasi tunayoidai

Malalamiko mengi ninayopokea huishia hapa hapa. Kifurushi huuzwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo ukiwa na kifurushi cha megabiti 20, ukaona faili linashuka kwa megabaiti 2.5 kila sekunde, hujaibiwa kitu. Gawanya kwa 8 kila mara. Faili la gigabaiti moja kwenye megabiti 10 litakuchukua kama dakika 13 hata mambo yote yakiwa sawa, na kwa kawaida huzidi kidogo kwa sababu sehemu ya njia huliwa na taarifa za usafirishaji wenyewe.

Kisha pima, na upime kwa waya. Chukua kompyuta, izimie waifai, ichomeke kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, waombe wa nyumbani waache simu kwa dakika tano. Endesha kipimo cha kasi mara tatu mfululizo. Rudia alfajiri, adhuhuri na saa tatu usiku. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, kwa waya au kwa waifai, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia. Ukipima kwa simu ukiwa umelala chumbani, unachopima ni ukuta wa nyumba yako.

Kwa waya inakimbia, kwa waifai inasuasua

Katika mji wa kale hiki ndicho kisa cha kwanza, na nyumba ndiyo sababu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na zimebeba unyevu na chumvi za miaka. Maji ni adui mkubwa wa mawimbi ya waifai. Ukuta wa nyumba mpya ya matofali hupunguza mawimbi. Ukuta wa Lamu, hasa uliofyonza mvua ya masika, huyala. Kuta mbili zikifuatana, usitegemee kitu.

Lakini nyumba iyo hiyo ina njia yake. Katikati kuna kiwanda, kiko wazi juu, na misana yote, yaani vyumba virefu vya nyumba, inakitazama. Mawimbi hupita penye hewa: mlangoni, dirishani, kiwandani. Toa ruta kidakani, iweke kwenye msana, juu kidogo ya kichwa cha mtu, ikikitazama kiwanda. Isiwe nyuma ya jokofu, wala karibu na kioo kikubwa, wala chini ya meza. Kwa yule bibi nilifanya hilo tu, na mjukuu, kule ghorofani, akapata zaidi ya nusu ya kasi ya waya, kabla sijagusa kingine chochote.

Ruta nyingi za sasa hutoa masafa mawili. Ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na imejaa watu. Ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini ukuta mmoja wa jiwe waweza kuimaliza. Yape majina mawili tofauti ili ujue uko wapi: aliye msanani atumie ya 5, aliye mbali atumie ya 2.4. Ukiacha jina moja, simu huchagua yenyewe, na mara nyingi hung'ang'ania ile dhaifu hata umerudi kukaa mbele ya ruta.

Kwenye 2.4 kuna jambo la chaneli, yaani vijia vilivyomo ndani ya masafa hayo. Nyumba zetu zimeegemeana, na ukifungua simu usiku utaona mitandao ya majirani kumi na zaidi. Chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kutazama chaneli, uone ipi ina watu wachache, uichague mwenyewe kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta. Na upana wa chaneli uuache kwenye megahezi 20. Anayeweka 40 katika mtaa uliosongamana anajikwamisha na kuwakwamisha jirani zake.

Nyumba ikiwa kubwa, ruta moja haitoshi, na hapa watu huuziwa kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa ukutani. Mimi sikipendi. Vifaa vingi vya namna hiyo hupokea na kutuma kwenye chaneli ile ile, hivyo kila kitu kinapitishwa mara mbili na kasi inakatika karibu nusu. Nenda kwa waya. Vuta kebo kutoka ruta, ipite kiwandani, ifuate boriti hadi msana wa juu, na huko uweke kifaa cha pili cha waifai. Nunua kebo ya nje, yenye gamba jeusi. Ile ya kijivu ya ndani jua huipasua gamba baada ya muda mfupi. Tafadhali usitoboe ukuta wa jiwe pale ambapo mlango au kiwanda kinakupa njia. Mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na tundu lililotobolewa vibaya kwenye matumbawe huingiza maji ndani ya ukuta.

Hata kwa waya ni polepole

Hapa tunaelekea nje, lakini simama kidogo kwenye waya wenyewe. Ukurasa wa ruta, au mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta, huonyesha waya umekubaliana kasi gani na kifaa cha upande wa pili: megabiti 10, 100 au 1000 kwa sekunde. Ukiona 10, umeshampata mwizi. Ukiona 100 na kifurushi chako ni kikubwa kuliko 100, umempata pia.

Nilikwenda nyumba moja ya wageni Shela, antena iko juu ya paa na kebo inashuka kwenye ukuta unaotazama bahari. Wamelipia megabiti 50, wanapata 8 au 9. Ruta ilionyesha 10. Nilizima umeme wa antena, nikapanda, nikanyofoa kile kichwa cha plastiki kilicho mwisho wa kebo. Vijino vyake ni vinane. Vitatu vilikuwa vimeota kijani, kama sinia ya shaba iliyoachwa uani, na kimoja kilikuwa kimelika hadi kubaki kama sindano. Kasi ya 1000 inataka nyuzi zote nane zifanye kazi. Kasi ya 100 inatumia nne. Nyuzi zikifa, vifaa hushuka ngazi kimya kimya bila kukuambia, na mtandao unaendelea kufanya kazi, ila umekuwa kilema.

Upepo wa bahari ndio unaofanya hivi. Chumvi hukaa kwenye vijino, unyevu wa usiku huiyeyusha, na kwa kuwa kebo ya antena hubeba na umeme ndani yake, kutu huenda mbio kuliko kwenye kebo ya kawaida. Kusugua hakusaidii kwa muda mrefu. Kata kebo kiasi cha shubiri moja, uangalie shaba ya ndani; ikiwa imekuwa nyeusi endelea kukata hadi uone inang'aa. Bana kichwa kipya, kifunike kwa kofia yake ya mpira, na kabla kebo haijaingia kwenye antena uipinde ishuke chini kisha ipande, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye pindo badala ya kufuata waya hadi ndani. Pale Shela tulipata 48 jioni ile ile. Kifaa cha kukagua kebo huuzwa kwa bei ndogo, na kila nyumba ya wageni iliyo ufuoni ingefaa kuwa nacho kimoja.

Kwa wenye faiba, angalia ule uzi mwembamba usiwe umekunjwa kwenye kona au umebanwa na mlango. Ndani yake mnapita mwanga, na mwanga huvuja kwenye kona kali. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kifaa, usihangaike na mipangilio, piga simu. Usiufungue uzi huo ukaupangusa kwa shati, wala usiuchungulie kwa jicho.

Adapta ya umeme nayo ikaguliwe. Mara kadhaa nimekuta ruta ya volti 12 ikilishwa na adapta ya volti 9 iliyookotwa mezani. Inawaka taa zote, kisha inayumba kila watu wakiongezeka.

Kasi inapanda na kushuka pamoja na maji

Hili wageni wengi hawalijui, nami nalitaja kwa urefu kwa sababu mafundi kutoka bara huja wakabadilisha kila kifaa bila kupata dawa. Ukiwa unapokea intaneti kwa antena kutoka ng'ambo ya maji, tuseme kati ya Lamu na Manda, mawimbi hufika kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kupiga uso wa bahari yakaruka. Yakifika pamoja kwa mpangilio mzuri husaidiana. Yakifika yakipishana hufutana. Bahari ikijaa, ile njia ya kuruka hubadilika urefu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, utaona kasi nzuri maji yakiwa yametoka na mbaya yakijaa, au kinyume chake, na siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, mambo yametulia kidogo.

Ukitaka uhakika, weka kalenda ya maji kando ya lile daftari lako la vipimo kwa wiki mbili. Zikifuatana, umejua. Dawa ni kubadilisha kimo cha antena, hata kwa nusu mita juu au chini, au kuirudisha nyuma kwenye paa ili ukingo wa paa uyazuie yale mawimbi yanayotoka chini majini. Kubadilisha ruta hakutafanya chochote.

Antena hizi zina magonjwa mengine mawili. Upepo wa kusi husukuma mlingoti usiofungwa sawasawa, na kuhama kidogo tu kunatosha kupoteza nusu ya nguvu. Na miti hukua. Mnazi au mwembe ambao mwaka juzi ulikuwa chini ya njia ya mawimbi, leo uko katikati. Haitoshi kwamba unauona mnara wa pili kwa jicho. Mawimbi yanahitaji nafasi pana, yamenenepa katikati ya njia kama mtumbwi, na tawi linalokaribia tu linatosha kuyapunguza.

Asubuhi safi, usiku haishikiki

Pima kwa waya saa kumi na moja alfajiri, kisha saa tatu usiku. Alfajiri ukipata yote na usiku ukapata robo, huku nyumbani kwako hakuna anayetumia, msongamano uko kwa mtoa huduma: amewaunganisha wengi kwenye njia moja. Ramadhani huonekana wazi zaidi baada ya tarawehe. Na wanaotegemea laini ya simu hulijua jambo hili wakati wa Maulidi, Mfunguo Sita, mji ukijaa wageni na kila mtu akirusha video za zefe kupitia minara ile ile.

Wewe huwezi kuupanua mnara. Unachoweza ni kupanga faili kubwa zishuke usiku wa manane, na kudai haki yako ukiwa na vipimo mkononi. Ila kwanza hakikisha hujamaliza kiwango cha matumizi ya mwezi. Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kikomo: ukikivuka unapunguzwa kasi hadi tarehe igeuke. Dalili yake ni mwanzo wa mwezi mzuri na mwisho mbaya, saa zote, mchana na usiku.

Intaneti imelemaa siku moja baada ya harusi

Nimeitwa kwa hili zaidi ya mara nne. Watu wamerudi harusini, simu saba zimejaa video, zote zimeshika waifai ya nyumbani, na kila moja imeanza kuzipandisha hifadhini kimya kimya. Fikiria gati lenye ngazi moja: wapagazi wanaopakia wakiijaza ngazi, wanaopakua nao hawashuki. Kila kipande cha faili unachopakua kinahitaji kompyuta yako ijibu "nimepokea", na jibu hilo hupitia njia ya kupakia. Njia hiyo ikijaa, majibu yanakaa foleni, na upakuaji unasimama hata kama njia yake iko wazi.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika `ping 8.8.8.8`, uangalie milisekunde. Kama kawaida yako ni 30 au 40 na sasa ni 900, zima waifai ya simu moja baada ya nyingine hadi ishuke. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu ile, upange hifadhi ya picha ifanyike simu ikiwa chajini usiku. Ruta yako ikiwa na uwezo wa kudhibiti foleni, uwashe, uweke kikomo cha kupakia kiwe chini kidogo ya kasi uliyopima.

Ukiwa humo, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kumpa jirani paswodi ni wema, na siwaambii watu waache wema wao. Watengenezee mtandao wa wageni wenye kikomo cha kasi, nawe unabaki na njia yako.

Kifaa kimoja tu, au tovuti moja tu

Simu ya zamani isiyojua gigahezi 5, kompyuta inayojisasisha, VPN (programu inayozungusha intaneti yako kupitia seva ya mbali) iliyosahauliwa ikiwa wazi: jaribu kifaa kingine mahali pale pale, na jibu utalipata mara moja.

Kurasa zikichelewa kuanza lakini zikianza zinakimbia, tatizo ni DNS, yaani lile daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye ruta, kisha linganisha.

Tovuti za hapa zikifunguka vizuri na za ng'ambo zikisuasua, tazama bahari. Mawasiliano ya ndani ya nchi yanaweza kubadilishana kwenye vituo vya KIXP, ambako watoa huduma wa Kenya hukutana, vilivyoko Nairobi na Mombasa, bila kutoka nje. Ya nje hupita kwenye kebo za chini ya bahari zinazotua Mombasa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine zilizofuata. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Kenya nzima iliona. Siku kama hiyo pima kwa seva ya Mombasa, kisha kwa seva ya London. Ya kwanza ikiwa nzima na ya pili imekufa, acha ruta yako kama ilivyo. Wengi siku ile waliirudisha kwenye hali iliyotoka nayo kwa mtengenezaji, wakapoteza mipangilio ya mtoa huduma, wakakaa bila intaneti kabisa hata mawasiliano yalipopata njia mbadala.

Ukiwapigia watoa huduma

Usiwaambie "mtandao ni mbaya". Watakwambia uzime na uwashe. Waambie: nimepima kwa waya, kifaa kimoja, siku saba, alfajiri napata kadhaa, saa tatu usiku kadhaa, waya umekubaliana 1000, ruta inajibu kwa milisekunde moja. Omba namba ya lalamiko, uiandike. Wasipolitatua, lalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na hiyo namba ndiyo watakayokuuliza kwanza.

Mwaka jana nyumbani kwangu mwenyewe niliambiwa mara tatu kwamba tatizo ni ruta yangu. Mara ya nne nilipiga picha kurasa mbili za daftari, nikazituma bila maneno mengi. Kesho yake fundi wao alipanda mnarani, akakuta kichwa cha kebo kimeota kijani.